Machozi ya Mtoto na Tofaa Lake

Mara nyingi twasikia Wakristu wakisifu mahubiri kwa neno hili: «Leo tumelia.» Kwa sababu ya sifa hiyo tumependa kukipima kitabu cha Mtakatifu François de Sales, Askofu wa Genève, kiitwacho Introduction à la vie dévote, kilichotoka chapa mwaka 1609.

Katika sehemu ya nne atoa mfano wa mtoto mdogo. Mama yake ni mgonjwa, mganga anamchanja mshipa kumtoa damu, na mtoto analia kwa uchungu. Lakini mama akimwomba saa ile ile tofaa alilo nalo mkononi, hampi. Ndivyo tulivyo mbele ya Msalaba, asema Askofu: twalia, na tofaa twalishika. Hatujaona mahali pengine ambapo tofauti ya hisia na tabia imeelezwa kwa maneno machache hivi. Yeye ataja mali ya watu isiyorudishwa. Kwetu ni shamba la mjane, lililokaliwa na shemeji yule yule aliyelia kupita wote Ijumaa Kuu.

Hata hivyo hadharau machozi. Utamu wa moyoni waweza kuwa zawadi ya Mungu, tena watia nguvu. Ila sio ibada yenyewe.

Juu ya huzuni ni mkali zaidi. Ahesabu matunda yake mema mawili tu, huruma na toba, na mabaya sita. Dawa zake ni sala, nyimbo, kazi, Komunyo, na kumfungulia padri moyo. Ni dawa njema. Lakini mwenye matanga akisoma sura hiyo peke yake aweza kudhani amekatazwa kulia. Huo ni upungufu wa sura, si wa mtu: mama yake alipokufa mwaka 1610, alilia, akamwandikia Jeanne de Chantal habari hiyo bila haya.

Mifano yake ya nyuki na majani ni mingi mno, na mingine si ya kweli. Msomaji apite upesi.

Furaha yake haikuwa ya mtu asiyejua giza. Alipokuwa mwanafunzi Paris alisumbuliwa wiki kadhaa na wazo ya kuwa Mungu amekwisha kumtupa. Tena tangu mwaka 1594 alihubiri Chablais, wengi wakikataa kumsikiliza, hata akaandika mafundisho katika karatasi ili ziwafikie nyumbani mwao. Mtu wa namna hiyo akituambia tutende mema hata bila ladha moyoni, twamsadiki.

Anayetaka kukisoma asianze ukurasa wa kwanza. Afungue sehemu ya nne, sura ya 12 na ya 13.