Kizuri Chajiuza: Methali Moja Mbele ya Waya na Sahani

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii hufundishwa madarasani kama hukumu iliyokwisha kukatwa, na ni nadra mtu kuuliza kama soko lililoizaa lingali lipo. Swali hilo lafaa kuulizwa Karatu, mji wanaoupitia wageni wengi waendao Ngorongoro, kwa kuwa huko masoko ya namna tatu yamekaribiana.

Soko la kwanza ni mnada. Mnunuzi wa vitunguu vya Mang'ola huvibonyeza, huvinusa, huambua ganda la juu, ndipo akataja bei. Hapa methali ni kweli tupu. Kitunguu kizuri hakihitaji msemaji, na kilichooza hakiokolewi na kelele za muuzaji. Bila shaka methali ilikusudiwa mnunuzi wa namna hii, mwenye mkono, pua na jicho, mbele ya bidhaa isiyo na siri.

Soko la pili ni duka la vifaa vya simu. Nyaya mbili za kuchajia hutundikwa ukutani, zimefanana kama mapacha, na bei ya mmoja ni mara kadhaa ya bei ya mwenziwe. Muuzaji hutoa sababu moja tu: huu ni "orijino". Mkono hauwezi kuipima shaba iliyo ndani ya plastiki. Basi jina hushika mahali pa jicho. Wala jina si upuuzi mtupu. Chaja mbovu yaweza kuharibu betri, hata kuunguza nyumba. Tanzania ina Sheria ya Alama za Bidhaa tangu mwaka 1963, na Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizizima simu bandia. Alipaye zaidi ili nyumba yake isiungue hakupumbazwa.

Lakini jina likisha kuaminiwa penye hatari, hutaka kuaminiwa hata pasipo na hatari. Oktoba 2020 kampuni ya Apple iliacha kutia chaja ndani ya boksi la simu zake, ikawa ni kitu cha kununuliwa peke yake. Oktoba 2021 kampuni hiyo hiyo ikatoa kitambaa cha kufutia vioo kwa dola 19, na wanunuzi wakakingojea kwa majuma. Kitambaa hakina shaba iliyofichwa; jicho lolote laweza kukipima. Hapa methali imepinduka, kwani kilichouzwa ni jina, na jina ndilo lililojitembeza.

Soko la tatu ni meza ya hoteli ya kitalii katika ukingo wa kreta, mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapa mgeni hulipa kabla ya kuona sahani, maana chakula kimo ndani ya bei ya kitanda. Kwa hiyo hali kwa njaa, bali kwa kuogopa hasara. Macho hayana pazia: supu, nyama za kila namna na keki hupakuliwa pamoja, kisha nusu huachwa. Mchana wa pili hupewa boksi lenye paja la kuku, yai, ndizi na keki, akalifungue penye chemchemi ya Ngoitokitok. Huko mwewe hushuka na kumpokonya tonge mkononi.

Mtetezi atasema kuwa wingi huo ni ukarimu, na ukarimu ni mila yetu. Hoja hii isidharauliwe. Ila ukarimu nao uliwekewa mpaka: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nalo neno jembe lina uchungu wake Ngorongoro. Kilimo kilipigwa marufuku ndani ya hifadhi mwaka 1975, kikaruhusiwa 1992, kikakatazwa tena 2009. Mfugaji akaaye humo huuza mbuzi apate kununua mahindi yaliyolimwa nje. Marufuku hiyo ina hoja zake za uhifadhi, nazo hazihukumiwi hapa. Lakini aisifuye meza kwa ukarimu yampasa kukumbuka kuwa jirani wa meza hiyo hana ruhusa ya kupanda hata mstari mmoja wa mahindi. Ukarimu humtazama mwenye njaa; meza hii humtazama aliyekwisha kushiba.

Methali basi si uongo. Imepungukiwa na neno moja. Yataja bidhaa, yanyamaza juu ya mnunuzi. Kizuri chajiuza kwa mtu ajuaye anachotafuta. Kazi ya waya ni kupitisha umeme bila madhara. Kazi ya chakula ni kushibisha na kuburudisha. Kazi hiyo ikisha kutimia, kila shilingi inayozidi hulipia hadithi, na mnunuzi ana haki ya kuuliza hadithi hiyo ni ya nani. Mwalimu wa Karatu atakayewapeleka wanafunzi wake mnadani asubuhi na dukani mchana atakuwa ameifafanua methali hii kuliko awezavyo ubaoni.