Kwa Heshima ya Mshipi

Zana za kuvulia samaki ziko nyingi katika pwani yetu, na karibu zote zinamtaka mtu awe na kitu mfukoni kwanza. Jarife ni mtaji. Juya linataka chombo na kundi la watu wa kulikokota. Dema husukwa kwa mikono, lakini linamtaka fundi wake na ngalawa ya kulibeba. Mshipi hauna masharti hayo. Uzi wa nailoni, ndoana mbili, chubwi na kipande cha ngisi: mwenye vitu hivyo ameshakuwa na zana kamili, na hata chubwi si lazima anunue, kwa sababu plagi kuukuu ya pikipiki inazama vizuri kama risasi. Nimekulia Tanga miongoni mwa watu wa mshipi, na mpaka leo sijaona kazi ya mikono inayomfaa mtu wa kipato kidogo bila kumdhalilisha, na inayowaweka ndugu na marafiki pamoja, kuliko hii.

Wapo wanaosema mshipi ni uvuvi wa asiyejiweza. Ningependa kuwajibu kwa heshima, maana mimi naamini unafuu wake ndio chanzo cha thamani yake. Mwenye boti yenye mashine ya kuonyesha samaki chini ya maji anaweza kwenda peke yake na kurudi peke yake. Mashine inamwambia kila kitu. Mwenye mshipi hana wa kumwambia ila binadamu mwenzake. Atamuuliza babu samaki wako jiwe gani mwezi huu, atamuuliza shemeji ngisi anapatikana diko lipi, atamfuata jirani mwenye ngalawa. Anachokosa fedha ya kukinunua dukani inabidi akipate kwa mtu, na kwa kukitafuta anajikuta ana watu.

Elimu yenyewe ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani, na huanzia juu angani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunakuwa na bamvua. Siku hizo, hapa kwetu, maji hupwa mno mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri, kisha kila kukicha nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukifikisha siku ya saba au ya nane tangu kuandama tuna maji mafu, yasiyopanda sana wala kushuka sana. Bamvua ni siku za mwambani. Akina mama na watoto huteremka na vijiti kutafuta pweza, kwa sababu mwamba uko wazi mpaka mbali. Maji mafu ndiyo siku za mshipi, mkondo unapolegea na uzi ukashuka wima badala ya kupelekwa huku na huku. Kwa hiyo familia inayoijua kalenda hii haina siku za bure katika mwezi. Inabadilisha tu zana na watu wa kuzishika. Nyumbani kwetu aliyeitunza hesabu hiyo alikuwa bibi, ambaye hakupata kupanda ngalawa. Alitazama mwezi akiwa uani anakuna nazi, akatamka siku, na wanaume wakapanga safari.

Juu ya mwezi kuna upepo. Kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, ndio msimu wa kwenda na watoto, bahari inapotulia asubuhi na maji yakawa maangavu. Kusi ikishika, hasa Juni hadi Agosti, ngalawa ndogo hubaki ndani ya mwamba au hubaki pwani kabisa.

Halafu kuna kidole. Mshipi hauna fimbo wala gurudumu. Uzi unapita juu ya kidole cha shahada na kila kinachotokea huko chini kinasomwa hapo. Chubwi likigusa chini, unalipandisha kidogo ili ndoana zisikamate matumbawe, kisha unasikiliza. Changu hudonoa mara mbili tatu kwa haraka, akasita, akarudi na kuondoka na chambo. Chewa hana papara. Huvuta mara moja kwa uzito akielekea pangoni, na usipomwinua papo hapo ataingia ndani ya jiwe na hutamtoa. Kolekole hukata upande kwa kasi mpaka uzi unachoma mkono, ndiyo maana wavuvi wengi hufunga kidole kwa kipande cha mpira. Kikande ana mdomo mdogo wenye meno makali. Hung'ata chambo kidogo kidogo, ukapandisha ndoana ikiwa tupu na hukusikia lolote. Pono huwezi kumngoja kwa mshipi, kwa kuwa chakula chake ni mwani anaoukwangua mwambani, na hana habari na ngisi wako. Hata ndoana zina hesabu yake: namba ikipanda, ndoana inapungua, kwa hiyo anayetaka kitoweo cha changu wa kawaida atachukua namba kubwa kuliko anayemngoja chewa.

Hakuna kitabu kinachoweza kumfundisha mtoto mambo hayo. Mjomba wangu alifundisha kwa kuweka kidole chake chini ya kidole cha mtoto, uzi ukipita juu ya vyote viwili, wakasikiliza pamoja.

"Mjomba, ananidonoa!"

"Muache. Huyo bado anaonja."

"Sasa?"

"Sasa vuta, mwanangu."

Hapo mtoto amejifunza tofauti ya kuonja na kula, na amejifunza akiwa ameegemea kifua cha mtu mzima. Nimeona watoto wasiotulia darasani wakikaa saa mbili nzima juu ya ubao wa ngalawa, macho majini, bila kukemewa na mtu.

Na kuna jambo jingine ambalo kwangu ni kubwa kuliko samaki. Mshipi unashughulisha mkono mmoja na kuuacha mdomo huru. Uvuvi wa nyavu una amri na makelele yake, kila mtu ana kamba yake ya kuvuta na hakuna nafasi ya maneno mengine. Kwenye mshipi watu wanne wamekaa, kila mmoja na uzi wake, hakuna anayemtazama mwenzake usoni kwa sababu wote wanatazama maji. Katika hali hiyo mwanamume aliyeshindwa kumwambia baba yake kwamba amepoteza kazi huweza kumwambia. Baba naye hujibu taratibu, kwani hana haraka ya kwenda popote. Posa nyingi za jirani zetu zilizungumzwa majini kabla ya kufika barazani, na ugomvi wa mashamba umepoa huko. Familia inaweza kutumia fedha nyingi kutafuta saa mbili za namna hiyo hotelini na isizipate.

Gharama kubwa ya safari, kama hamna chombo, ni ngalawa, na dawa yake ni kuchangishana. Watu wanne wakigawana ukodi wa asubuhi moja, kila mmoja hatoi zaidi ya anachotumia kwenye nauli na chai mjini. Mwenye ngalawa akija naye, fungu la chombo linaweza kulipwa kwa samaki, kama ilivyo desturi ya wavuvi wenyewe. Chambo mnakitafuta wenyewe. Chakula ni mihogo iliyochemshwa na maji ya kunywa. Mnaporudi, kabla ya mtu kutaja kuuza, hutengwa kwanza kitoweo cha kila nyumba, hata ya yule ambaye siku hiyo hakupata kitu. Desturi hiyo naipenda kuliko zote. Lakini kuna mahali ambapo hapafai kubana senti. Kila mtoto avae boya lake, na mkubwa asiyejua kuogelea avae pia. Nahodha awe mtu anayeijua njia ya kutokea na kuingilia mwambani. Akisema leo hewa imechafuka, maneno yamekwisha, hata kama ngalawa imeshalipiwa.

Wenzetu wa bara huniuliza kwa nini nasifu uvuvi na nasahau uwindaji, ambao nao ulikuwa shule ya babu na wajukuu. Sijausahau. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi bado wanawinda kwa upinde na mshale, na vijana wao hujifunza kwa kuandamana na wakubwa, kama sisi majini. Ila kwa familia ya kawaida mlango huo umefungwa au ni ghali. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania uwindaji unataka leseni na masharti ambayo mtu wa mshahara mdogo hayamudu. Bahari bado inampokea.

Anayedhani zana duni huleta matokeo duni nitampeleka Komoro. Mwaka 1938, huko Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya mji wa East London, alimwona katika shehena ya meli ya uvuvi samaki asiyemfahamu. Mwanasayansi J. L. B. Smith akamtambua kuwa ni silikanti, aina iliyodhaniwa kutoweka duniani tangu zama za dinosaria. Smith akaanza kumtafuta wa pili. Alisambaza vipeperushi vyenye picha ya samaki huyo, akaahidi zawadi ya pauni 100, na miaka 14 ikapita. Vipeperushi vile vilifika Komoro kupitia Eric Hunt, nahodha mfanyabiashara aliyekutana na Smith na mkewe Zanzibar. Mwezi Desemba 1952, katika kisiwa cha Nzwani, mvuvi Ahamadi Abdallah akampandisha silikanti. Alimvua kwa mshipi wa mkono. Waziri mkuu wa Afrika Kusini alitoa ndege ya jeshi impeleke Smith akamwone samaki huyo, na Smith, kwa maelezo yake mwenyewe, alilia. Wavuvi wa Komoro hawakushangaa sana. Walikuwa wakimjua siku zote, wakimwita gombessa, na walimpata mara moja moja walipoteremsha mishipi yao usiku kwenye kina kirefu.

Habari hiyo inanigusa kwa namna ya pekee kwa kuwa silikanti yuko na kwetu pia. Alipatikana Songo Mnara, karibu na Kilwa, mwaka 2003, kisha akaanza kunaswa katika majarife ya maji ya kina ya Tanga, hadi mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, inayoshuka kutoka Tanga hadi karibu na mlango wa Mto Pangani. Ukienda kuvua upande huo, uliza kwanza ofisi ya hifadhi au kikundi cha kusimamia uvuvi (BMU) cha diko husika mahali gani panaruhusiwa na kwa zana gani. Kuuliza hakugharimu kitu.

Bahari hiyo hiyo ya Tanga iliteswa na baruti kwa miongo mingi. Mlipuko mmoja huua changu na vifaranga vyake pamoja na matumbawe yenyewe, yanayohitaji miaka mingi kuota tena, na wengi wa waliokufa huzama wasiokotwe na yeyote. Namchukia mvuvi wa baruti kwa dhati, na sitatafuta neno laini zaidi. Mshipi humtoa samaki mmoja mmoja kwa mkono wa mtu mmoja, na mkono huchoka. Hata hivyo sitaki kuusifu kupita kiasi. Ndoana ndogo mno hukamata vitoto, na watu wengi wakikaa juu ya jiwe moja kila siku watalimaliza. Changu asiyezidi kiganja arudishwe majini akiwa hai, na mtoto ndiye apewe kazi ya kumrudisha. Wanakijiji wa Kisiwa Panza, Pemba, hufunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi ili pweza wapate kukua, kisha hufungua kwa siku walizokubaliana. Makubaliano ya aina hiyo yanaweza kufanywa hata kwa jiwe la changu.

Samaki mmoja asirudi nyumbani kwa hali yoyote, naye ni bunju, yule anayevimba akiguswa. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa na imeua watu. Mfundisheni kila mtoto kumtambua kabla hamjamfundisha fundo la ndoana.

Waliobaki, wapaeni magamba pale pale pwani, mtoe utumbo na matamvua, muoshe kwa maji ya bahari. Makumbi ya nazi yanatosha kwa moto. Changu aliyechanjwa mbavuni, akapakwa chumvi, ndimu na pilipili, hahitaji mafuta wala kiungo cha dukani, na akiliwa saa ile ile hana mpinzani katika hoteli yoyote niliyowahi kula. Wakubwa wale vichwa, watoto wapewe minofu ya mgongoni isiyo na miiba mingi, na kitoweo cha waliobaki nyumbani kifungwe kwenye kikapu kabla ya wenye njaa kuongeza mkono.

Kama una mtoto, au mpwa, au mjukuu wa rafiki ambaye bado hajashika uzi, mnunulie mshipi mwezi huu. Mzungushie juu ya kibao au chupa tupu ya plastiki. Mtafute mzee mmoja pale dikoni ambaye siku hizi hana wa kufuatana naye, maana kila diko lina mzee wa namna hiyo, na umwombe awapeleke. Safari iwe siku ya saba au ya nane tangu mwezi kuandama, kwenye maji mafu, na mtoke alfajiri.