Upinzani wa Upendo: Uhakiki wa Shajara ya Perpetua

Ni rahisi kuyasoma masimulizi ya wafiadini kuwa ni mgogoro kati ya muumini na dola. Shajara ya gerezani ya Vibia Perpetua, Mkristo aliyeuawa Carthage, katika Tunisia ya leo, mwaka 203, inaukataa usomaji huo. Katika sehemu anayoisimulia mwenyewe kwa nafsi ya kwanza, Hilarianus, kaimu liwali aliyemhukumu, anapewa nafasi finyu. Anayerudi mara nne ni baba. Kwanza anamjia bintiye kwa hasira. Kisha anambusu mikono, anamwangukia miguuni na kumwita bibi badala ya binti. Mbele ya baraza la hukumu anatokea na mjukuu anayenyonya. Mara ya mwisho anang'oa ndevu zake.

Mpangilio huu unaibadili maana ya uvumilivu. Perpetua hasimami imara kwa sababu moyo wake umekufa ganzi: anauhurumia uzee wa baba, na baba anapochapwa fimbo kwa amri ya Hilarianus, maumivu anayahisi yeye. Ukatili wa dola unachukika. Upendo wa mzazi hauchukiki, na ndiyo maana jaribu lake ni zito zaidi.

Simulizi ya Perpetua inakoma siku moja kabla ya kuingizwa uwanjani. Mhariri asiyejulikana anayekisimulia kifo chake anamchora shujaa asiyetikisika. Uhakiki huu unashikilia kuwa sauti hizo mbili zisichanganywe: nguvu ya matini imo katika imani ya shajara, inayodumu huku ikiumia.