Fumbo la Carmen

Kuna jambo linanisuta. Mpwa wangu aliweka maneno ya taarabu kwenye stetasi yake ya WhatsApp. Mimi mjomba mtu, tena mwandishi wa habari, nikayakimbiza kwa mama yake: dada, mwanao ameanza mapenzi! Simu ikachukuliwa. Kumbe fumbo lilikuwa la shoga yake aliyemgeuka.

Ndiyo maana nimekisoma It's Complicated, cha mwaka 2014, nikiwa na donge. Mwandishi wake, danah boyd (jina lake huliandika kwa herufi ndogo), alisomea sayansi ya kompyuta Chuo Kikuu cha Brown, akapita MIT, akachukua udaktari Berkeley mwaka 2008. Badala ya kukaa na mashine, alizunguka Marekani akiwauliza vijana wenyewe wanafanya nini huko MySpace na Facebook.

Humo yumo Carmen, binti aliyeachana na mpenzi wake. Hakutaka kumtia mama yake wasiwasi, basi akabandika maneno ya wimbo unaosikika wa furaha. Mama akaona mwanawe ana raha. Marafiki, waliojua kwamba kwenye filamu wimbo huo huimbwa na watu wanaokaribia kufa, wakajua moyo umevunjika. boyd ameutafutia mchezo huu istilahi ya kitaalamu. Sisi tulioona kanga ikivaliwa makusudi mbele ya jirani tunaujua zamani.

Hapo ndipo uzuri wa kitabu: anamsikiliza kijana kabla ya kumhukumu. Anaonyesha kwamba faragha si kujifungia ndani; ni kuwa na kauli juu ya nani aelewe nini.

Ila nina ugomvi naye. Mzazi anasomewa mashtaka sura baada ya sura, lakini kampuni zinazogeuza soga za watoto kuwa fedha za matangazo hazibanwi kiasi hicho. Aliandika akiwa mtafiti wa Microsoft. Sisemi alifungwa mdomo. Nasema nilitaka aliyesoma kompyuta anifungulie mtambo wenyewe, maana mama wa Carmen hakuujenga yeye.

Hata hivyo, kisome, hasa kama una mtoto mwenye simu. Mimi kilinipeleka kwa mpwa wangu kuomba radhi. Akacheka, akasema yameisha, mjomba.

Stetasi zake sizioni tena.