Taa ya ebegi iliyozima pamoja na ya oili

Mkiwa ni njia panda. Anayetoka Manyoni kwenda Singida hunyoosha. Anayekwenda Itigi, Rungwa na hatimaye Makongolosi hukata kushoto. Hapo, chini ya mwarobaini, nilimkuta fundi umeme wa magari akikagua Corolla 110 ya mwaka 1998 iliyokuwa inauzwa. Mnunuzi, kijana wa makamo ya miaka thelathini, alikuwa amekuja na kile kifaa kidogo cha kupimia kinachosoma kwenye simu, na simu yake haikuonyesha hitilafu yoyote. Isingeweza. Vifaa vya bei ndogo vya namna ile husoma injini peke yake, na Corolla ya zamani iliyotengenezwa kwa soko la Japani mara nyingi haizungumzi navyo kabisa. Kimya cha simu kilikuwa kimempa moyo bure.

Fundi hakutumia mashine yoyote. Alizungusha ufunguo hadi taa za dashibodi zikawaka, akaacha hapo bila kupiga stata, akaanza kuhesabu kwa sauti. Kwenye Toyota za kizazi hiki, taa ya ebegi huwaka kama sekunde 6 boksi la ebegi likijipima, kisha huzima yenyewe, hata kama injini bado imelala. Alifika kumi na tano. Taa ya ebegi bado inawaka, sambamba na ya oili. Akapiga stata. Presha ya oili ilipopanda, taa zote mbili zikazima kwa pamoja, kama zimebonyezwa na kidole kimoja.

"Mdogo wangu," akasema, "hii si taa ya ebegi. Hii ni ya oili imekaa kwenye nafasi ya ebegi."

Ningependa kila anayenunua gari la mkononi akumbuke dakika ile. Wengi wetu tukikabidhiwa ufunguo tunazungusha moja kwa moja hadi injini ingurume. Taa zinawaka, zinazima, roho inatulia. Ujanja huu umetengenezwa kwa ajili ya haraka yetu hiyo. Ukisubiri hizo sekunde bila kuwasha injini, unajitokeza wenyewe.

Alipofungua mita, nyuma yake palikuwa na kipande cha waya mwembamba, rangi ya bluu, kimelehemiwa kutoka taa ya oili kwenda taa ya ebegi. Waya halisi unaotoka kwenye boksi ulikuwa umekatwa na kuvikwa tepu nyeusi. Lehemu ilikuwa safi, ya mtu anayeijua kazi yake, na hilo ndilo lililoniuma zaidi: mkono ule ungeweza kutengeneza. Fundi akang'oa kiunganishi kile, akaunga waya halisi, akazungusha ufunguo tena. Safari hii taa ikawaka na kukaa. Sasa gari lilikuwa linasema kweli.

Kinachofuata hakihitaji zaidi ya kipande cha waya. Chini ya boneti ya Toyota nyingi za miaka ya 1990 kuna kiboksi cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani yake kuna matundu yenye majina. Ukiunganisha Tc na E1, taa ya ebegi huanza kukonyeza namba. Fundi alisoma majina ya matundu mara mbili kabla ya kuchomeka, kwa sababu tundu la jirani likiguswa kimakosa linaweza kuunguza kitu. Tukatazama dashibodi. Konyezo moja, kituo kifupi, konyezo nne: 14. Kisha tatu na moja: 31. Kisha tano na nne: 54. Halafu ikarudia tangu mwanzo.

Namba 14 ni saketi ya ebegi ya dereva kukatika, na 54 ni ya abiria. Namba 31 ni boksi la ebegi lenyewe. Ukikuta 14 peke yake, usikimbilie kuhukumu. Mara nyingi kosa liko kwenye spairo, ule utepe wa waya uliojikunja nyuma ya usukani ili umeme upite huku usukani ukizunguka. Honi nayo hupitia humo, kwa hiyo honi ikifa siku moja na taa ya ebegi ikiwaka, spairo ndiyo ya kushukiwa kwanza. Hapa honi ililia vizuri. Na namba zote tatu kuja pamoja zilikuwa na maelezo mepesi zaidi: ebegi zilishafyatuka, na boksi lililotoa amri limeandika tukio hilo ndani yake. Kitabu cha Toyota kinataka boksi hilo libadilishwe baada ya ebegi kufyatuka. Si la kufutwa na kurudishwa kazini.

Fundi akapitisha ukucha kwenye mwanya wa dashibodi upande wa abiria. Ukatoka na unga mweupe. Ebegi nyingi hukunjwa zikiwa zimepakwa unga laini ili zifunguke bila kushikana, na zikifyatuka, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, unga huo hujaa kila mwanya. Dashibodi ilikuwa imezibwa kwa gundi na kupakwa rangi. Unga haukukumbukwa.

Kabla ya kugusa usukani alichomoa waya hasi wa betri, akaangalia saa ya simu, akakaa. Toyota wanataka sekunde 90 au zaidi, maana boksi hutunza umeme wa akiba ili liweze kufyatua ebegi hata betri ikikatika katikati ya ajali. Akatuambia pia kitu ambacho naomba mafundi vijana wakishike: soketi za njano ni za ebegi, na ebegi nzima haipimwi kwa multimita, kwa sababu umeme mdogo wa kipimo unaweza kuifyatua usoni mwako.

Alipofungua kifuniko cha usukani, kilichoandikwa SRS kama kawaida, ndani palikuwa patupu. Soketi ya njano ilikuwa inaning'inia. Akachomeka rezista ya ohmu 2 mahali pa ebegi, akarudisha betri, akafuta kumbukumbu na kusoma upya. 14 haikurudi. Maana yake nyaya na spairo ni nzima. Kinachokosekana ni ebegi yenyewe. Kisha akaichomoa rezista ile palepale. Rezista hiyo hiyo ikiachwa humo, boksi hudhani ebegi ipo. Kwa fundi mkweli ni kipimo cha dakika tano. Wapo wanaoiacha kwa miaka.

Kutengeneza kweli kunataka ebegi mbili, boksi, ukaguzi wa sensa za mbele na mikanda. Na ebegi ya mtumba nina mashaka nayo. Mamilioni ya magari, Toyota, Honda na Nissan zikiwemo, yaliitwa kurudi kwa sababu ya vifyatuzi vya kampuni ya Takata, ambavyo kemikali yake huharibika kwa miaka ya joto na unyevu hadi kurusha vipande vya chuma badala ya hewa peke yake. Kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mufilisi Juni 2017. Ebegi iliyochomolewa kwenye gari usilolijua inaweza kuwa mojawapo, na haitakuambia mpaka siku inapofyatuka. Asiyeweza gharama ya vifaa salama, aiache taa iwake na kila anayeingia ajue avae mkanda. Mkanda ndio kinga ya kwanza. Ebegi iliwekwa kuusaidia.

Muuzaji alisema naye aliinunua hivyo hivyo, na sina sababu ya kumkatalia. Akaomba ule waya wa bluu urudishwe ili gari lisikose mnunuzi mwingine. Fundi akamwandikia namba zile tatu kwenye kipande cha boksi la spea, akampa, na waya akautia mfukoni.

"Nyingine nitakufanyia, kaka. Hiyo hapana."

Corolla ikageuza kuelekea Manyoni, taa ya ebegi ikiwaka.