Kiti Kimoja tu

Kwenye vijiwe vya kahawa vya Singida, baraza la mawaziri huvunjwa na kupangwa upya kila jioni. Si ajabu: Mwigulu Nchemba wa Iramba, mkoani humo, alikabidhiwa Wizara ya Fedha 2021, na 2025 akawa Waziri Mkuu, mwaka huohuo Tundu Lissu wa Ikungi, mkoani humohumo, akachaguliwa mwenyekiti wa chama cha upinzani cha CHADEMA. Ila wapangaji wengi hupanga kwa mapenzi: huyu mtu wetu, yule tumuondoe. Fundi hasa wa kusimulia serikali ambayo haikuwahi kuwapo ni adimu, nami namvulia kofia.

Fundi hugusa kiti kimoja tu. Tuchukue 1979. Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, yuko Wizara ya Fedha. Anataka nchi ielewane na Shirika la Fedha la Kimataifa, linalodai shilingi ishushwe thamani. Mwalimu Nyerere akakataa, Mtei akajiuzulu, Amir Jamal akarudi Hazina. Sasa mbakize Mtei. Kipi kinafuata?

Mwanagenzi atajaza sukari na sabuni madukani kesho yake. Fundi hathubutu. Kwake, Jumuiya ya Afrika Mashariki imekwisha vunjika 1977, gharama za Vita vya Kagera zipo palepale, mafuta yamepanda bei dunia nzima. Shilingi ikishuka, mkulima wa pamba wa Iramba huenda akashika noti nyingi zaidi, na jembe likamshinda bei vilevile. Mapatano na Shirika hilo yaliyokuja 1986 yanawahi, na lawama zake anazibeba Nyerere badala ya mrithi wake, Mwinyi. Na je, Mtei ambaye hakujiuzulu angeanzisha CHADEMA 1992? Asingeianzisha, Lissu aliyeanzia chama cha NCCR-Mageuzi angehamia wapi?

Hapo ndipo ustadi ulipo. Mwenye kosa hasafishwi, wala aliyeshindwa hapewi ushindi wa bure. Waziri anapimwa kwa haki: ana uzito, lakini mvua, vita na bei ya soko vina uzito wao pia. Aliyezoea kipimo hicho, redio ikitangaza baraza jipya, hapigi vigelegele kwa sababu jina la kwao limesomwa. Huuliza kwanza mtu wao amekabidhiwa deni gani.