Tamthilia ya uhalifu tunaitazama, hatuisikilizi

Tangu tamthilia ya Crime and Justice ianze kuonyeshwa kwenye Showmax mnamo Februari 2021, nimekuwa nikisoma maoni ya watu kuihusu. Sifa nyingi huendea picha, Nairobi isiyopakwa rangi, na waigizaji Sarah Hassan na Alfred Munyua, wanaoigiza wapelelezi Makena na Silas. Kisha huja ile kauli ambayo, kusema kweli, imenichosha: eti tamthilia hii imefikia viwango vya kimataifa. Viwango vya nani hasa? Mhakiki anayesema kazi ni nzuri kwa kuwa inafanana na za Marekani hajatuambia lolote kuhusu kazi yenyewe.

Niliyasema haya mbele ya walimu wa Kiswahili mjini Kitale, na mmoja wao akanijibu papo hapo: "Profesa, hiyo kitu ni kali, lakini si fasihi." Wenzake wakacheka. Mimi nilikuwa nimeisikia hukumu hiyo kitambo, ikitolewa dhidi ya Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichochapishwa 1960, na dhidi ya Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla. Hicho cha pili tulikisoma shuleni tukiwa tumekificha chini ya dawati. Riwaya za upelelezi zilitiwa kapu moja lililoitwa fasihi pendwa, jina lenye heshima kidogo na dharau nyingi. Zilisomwa sana, zikahakikiwa kwa nadra. Sasa naona runinga inatafutiwa kapu lake.

Wiki iliyofuata nilikuwa Bungoma, darasani. Niliwauliza wanafunzi swali dogo tu: katika tamthilia hii, nani huzungumza lugha gani na nani? Kimya. Halafu binti mmoja aliyeketi nyuma akasema, "Prof, polisi wakiwa wao kwa wao ni Kizungu. Wakitaka kumtisha mtu ndio Kiswahili kinatoka."

Hebu tulitafakari jibu hilo, hata kama kuna vipindi vinavyolikaidi. Kiswahili cha amri kina historia ndefu kwetu. Wakoloni walikitumia kuwaamrisha askari wa King's African Rifles, na raia wa leo anayeambiwa "simama, toa kitambulisho" anasikia mwangwi wake. Kwa upande mwingine, Katiba ya 2010, Kifungu cha 49, inataka mtu anayekamatwa aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa. Mfikirie mama mzee kutoka Sirisia aliyefika kituoni kumtafuta mwanawe. Anajua Kibukusu na Kiswahili cha sokoni. Afisa anamwambia kwa Kiswahili asubiri pale kwenye benchi, kisha anamgeukia mwenzake na kumweleza kwa Kiingereza yaliyompata kijana. Mtazamaji ameelewa, mama hajaelewa. Taharuki gani inapita hiyo? Wala haihitaji bastola wala gari kupinduka. Mwandishi wa tamthilia ya uhalifu nchini Kenya amezungukwa na utajiri wa aina hii, na wahakiki wetu hawamuulizi ameufanyia nini.

Inawezekana kabisa. Filamu ya Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David 'Tosh' Gitonga, inachanganya Kiswahili, Sheng, Kikuyu na Kiingereza, na mchanganyiko huo si pambo. Mwas anapotoka mashambani na kuzama katika genge la wahalifu, usemi wa mji ni sehemu ya anachopaswa kujifunza ili aishi. Joseph Wairimu, aliyemwigiza, alituzwa mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban mwaka huo huo. Nadhani sikio lake lilistahili nusu ya tuzo ile.

Yule mwalimu wa Kitale alinishuku kwamba nataka wezi wazungumze Kiswahili sanifu. La hasha! Jambazi anayetamka "tafadhali niwasilishie pochi yako" atatuvunja mbavu. Ninachotaka ni kila mhusika apewe lugha ile anayoihitaji kwa kazi anayoifanya wakati ule, na mhakiki atuambie kama amepewa.

Hapa magharibi tuna sababu zaidi ya kuwa wakali. Katika vipindi vyetu vingi, lafudhi ya Kiluhya huvishwa bawabu au mpishi, achekeshe kidogo, kisha atoweke. Mpelelezi mwenye lafudhi hiyo, anayetatua kesi bila kuchekwa, mimi bado namngoja. Wanafunzi wa Bungoma walilicheka hilo pia, lakini kicheko chao hakikudumu.

Nimewaachia kazi. Kila mmoja achague kipindi kimoja, ageuze kiti asione skrini, asikilize dakika 20, kisha aandike nani aliyebadilisha lugha, mbele ya nani, na alipata nini kwa kufanya hivyo. Ijumaa wanawasilisha.